Mfunga Msafara

Baiskeli haiserereki kupanda mlima. Jambo hilo halihitaji shahada. Ukiacha kupiga pedeli kwenye mwinuko unasimama, kisha unaanguka, na wenzako wanacheka. Kwa hiyo mfunga msafara aliposikia ule mlio wa friwili, tik-tik-tik-tik, mlio wa gurudumu linalojizungukia huku miguu ya mwendeshaji imepumzika, alidhani ni baiskeli yake ina kasoro. Akatazama chini. Cheni ilikuwa imekaza, miguu inasukuma, jasho linadondokea kwenye usukani. Mlio ulitoka nyuma, na nyuma yake hakupaswa kuwa na mtu.

Kazi yake ndiyo hiyo, kuwa wa mwisho. Yeye, mkewe na shemeji yake walikuwa na kampuni ndogo ya kuwatembeza watu kwa baiskeli kwenye njia za changarawe zisizopitiwa na magari, ndani ya msitu na kando ya bahari. Shemeji alitangulia, kwa sababu alizaliwa akitangulia na hakuna aliyewahi kumwambia apunguze. Mke alitafuta njia: alizipita kwanza yeye, akapima upana kwa futi kamba, akahesabu madaraja mabovu, kisha akaandika vijarida vyenye neno "utulivu" mara nne kwa ukurasa, kwa ajili ya watu wa ofisini wanaopenda kuchoka kwa hiari yao. Mume alifunga msafara. Hakumpita mtu yeyote, awe amepata pancha, amepungukiwa pumzi au amesimama kupiga picha jani. Wote wakigeuka walimkuta nyuma yao, mguu mmoja chini, hana haraka. Shemeji alimwita Mkia. Alikuwa Mkia kwa miaka tisa, na hakulalamika.

Njia ile ilikuwa mpya. Mke aliiona kwenye ramani ya zamani, mstari mmoja ulionyooka katikati ya msitu hadi kwenye jabali juu ya bahari. Walipofika mlangoni mwake walikuta vigingi viwili vimesimama, na kati yake magogo matatu yamelazwa moja juu ya jingine. Vigingi vilikuwa vikuukuu, lakini magogo yale yalikuwa mabichi, utomvu haujakauka. Hakuna aliyejiuliza nani huja kuyabadilisha. Shemeji alitoa msumeno, mke akatoa daftari na kuandika: kizuizi cha magari kimeondolewa. Ndivyo wanavyofanya watu wa kazi ile. Kila kitu kilicholala njiani, kwao ni kikwazo cha mteja.

Jioni ya msafara wa kwanza mume alisimulia ule mlio kama kichekesho. Shemeji akamwambia amwambie huyo jamaa avae helmeti. Wakacheka wote.

Msafara wa pili, mlio ulimfuata hadi barabara ya pwani. Wa tatu, hadi kwenye geti. Baada ya hapo mlio haukuhitaji msafara.

Mke aliusikia saa nane mchana, jua limewaka, redio ya jirani inatangaza matokeo ya mpira. Mumewe alikuwa anatoka stoo kuja sebuleni, kwa miguu, mikononi ana kikombe cha chai, na nyuma yake kwenye ukumbi mwembamba wa nyumba yao wenyewe kukapita tik-tik-tik-tik, taratibu, kama mtu anayeteremka kilima bila kugusa breki. Ikaja harufu, mwani uliooza ukichanganyika na mpira ulioungua. Mume hakugeuka. Alikwenda kukaa kwenye kiti kilichoegemezwa ukutani, akabana mgongo kabisa, mlio ukakoma.

"Tangu lini?" mke alimuuliza, sauti chini.

"Ukutani halifiki," mume akajibu. "Usinihamishe hapa."

Akaanza kulala amekaa. Akila, mgongo ukutani. Akioga, mgongo ukutani. Suruali zake zikaanza kushikiliwa na kamba, na ukimuuliza jambo alinyamaza kwanza, kama mtu anayempa mwingine nafasi ya kujibu kabla yake. Hospitali walimpima kila kinachopimika wakasema ni mzima, apunguze mawazo. Shemeji alisema ni uvivu, mpaka alipokaa naye nusu saa sebuleni. Akatoka, na neno uvivu hakulitaja tena.

Mke hakuwa mtu wa waganga. Alisoma chuo kikuu, na angependa ijulikane. Lakini alirudi kwenye vigingi vile asubuhi moja, akamkuta bibi mmoja mwenye miwani ya kusomea anaburuta gogo bichi kutoka kichakani. Walitazamana. Bibi alikuwa mganga, kazi aliyoifanya bila mbwembwe, kama wengine wanavyoshona nguo. Alimsikiliza mpaka mwisho, akaomba lile daftari, akasoma ule mstari mara mbili.

"Kizuizi cha magari," alisema. "Mwanangu, gari gani lingepita hapa?"

Mke akalichukua daftari lake.

Bibi akamweleza pale pale, amekalia gogo lake. Mle ndani mna jini, lina umri mkubwa kuliko msitu, na magogo yalikuwa yakilizuia humo humo. Halina ugomvi na anayetangulia, wala halijali jina la mtu. Linamfuata wa mwisho, basi, na yule wa mwisho likishamzoea linamla taratibu. Lilimla mdogo wake bibi, aliyekuwa mkata kuni. Alidumu siku arobaini tu. Mke akahesabu kichwani: mumewe alikwisha maliza siku thelathini na sita tangu msafara wa kwanza.

Dawa ilikuwa moja. Waingie nalo mpaka jabalini, kisha watoke wawili, sambamba, gurudumu kwa gurudumu, ili likitafuta wa mwisho lisimpate. Wakishapita vigingi, bibi atalaza magogo. Mke alitoa futi kamba. Kati ya kigingi na kigingi, sentimita mia moja na sitini. Usukani wake sabini, wa mumewe sabini na mbili. Wangepita, ikiwa hakuna atakayeyumba.

Kesho yake, siku yenyewe, shemeji aliamka ana maumivu ya goti. Wakaenda wawili.

Kuingia hakukuwa na shida, na hilo lenyewe lilimtisha. Mlio ulikuwa nyuma yao kwa furaha, kama wa mtoto anayerudishwa nyumbani. Jabalini waligeuza. Chini, bahari ilipiga mwamba bila kutoa sauti yoyote. Mke aliona povu likiruka akangoja mshindo, haukuja, na ndipo alipogundua kwamba hata ndege hakuna, hata upepo, ni pumzi zao tu na zile tik-tik zilizokuwa zimesimama mahali pamoja, kama gurudumu lililoinuliwa hewani na mtu anayelitazama likizunguka.

"Pamoja," mke alinong'ona. "Mkono wako karibu na wangu. Usinitazame mimi, tazama vigingi."

"Pamoja," mume akajibu.

Wakaondoka, viwiko vikigusana, changarawe ikilia chini ya magurudumu manne, na nyuma yao mlio ukaanza kuja, mara upande wake, mara upande wa mumewe, ukipapasa kushoto na kulia kama mkono unaotafuta kiberiti gizani, ukiongeza kasi kila walipoongeza, na ile harufu ya mwani ikawapita na kuwatangulia na kurudi, na mke alitaka kupiga kelele lakini aliogopa kwamba kelele ingemsogeza mbele kwa kipimo cha kucha, kwa hiyo alihesabu pumzi za mumewe na kuzifuata, miti ikapungua, mwanga ukaongezeka, akaviona vigingi, akamwona bibi amesimama na gogo la kwanza mabegani, zikabaki hatua ishirini, kumi, tano, na njia ikabana.

Akasikia breki.

Mumewe hakukusudia. Alikuja kuapa hivyo na mkewe alimwamini kabla hajaapa. Njia ilipobana, vidole vyake vilifanya vilichokifanya miaka tisa bila kumuuliza: vilimpisha aliye pembeni yake. Ilikuwa breki ndogo, ya adabu. Mke akapita vigingi peke yake. Mume akapita baada yake. Na baada ya mume, kabla gogo la kwanza halijagusa ardhi, tik-tik-tik-tik.

Bibi alimaliza kulaza magogo yote matatu hata hivyo. Alisema lisingekubali kurudishwa mara ya pili; limeshaijua hila. Akavua miwani akaifuta kwa kanga, muda mrefu. Mume alikaa chini, mgongo kwenye kigingi, akamwomba radhi mkewe kwa sauti ya mtu aliyevunja sahani.

Mke alimtazama. Suruali na ile kamba. Siku tatu zimebaki.

"Bibi," alisema, "ulisema halijali jina la mtu."

"Halijali."

"Wa mwisho tu."

Bibi akarudisha miwani machoni. Hakumkataza.

Mke alimwinua mumewe, akamshikia baiskeli mpaka alipokaa sawa. Kulikuwa na kilomita sita za barabara ya pwani hadi nyumbani, changarawe nyeupe, hakuna gari hata moja. Yeye mwenyewe ndiye aliyeandika hivyo kwenye kijarida.

"Tangulia," alimwambia.

"Sijawahi kumtangulia mtu."

"Najua, mume wangu. Piga pedeli."

Alibishana kidogo, kwa vile alikuwa ameishiwa nguvu za kubishana sana. Kisha akaondoka. Mwanzoni aliyumba, akageuka mara mbili kumtazama; mara ya tatu hakugeuka. Mke aliona mabega yake yakishuka, mgongo ukinyooka, na hata kutoka mbali alimsikia akivuta pumzi ndefu, pumzi ya mtu aliyetua mzigo. Akampa mita hamsini, kisha naye akapanda.

Kilima cha kwanza kilikuwa kirefu. Hakusikia mlio. Alisikia tu pedeli zikiwa nyepesi, nyepesi mno, na katikati ya mgongo wake, chini kidogo ya mabega, kiganja kidogo chenye unyevu kilichokuwa kikimsukuma kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto kuendesha.