Orrin na Kura za Chini

Kila asubuhi Lorna Tveit na mumewe Orrin waliwapelekea ng'ombe nyasi kavu kwenye theluji. Redio ya trekta ilitoa habari, na Orrin akawa anaijibu. Washington imemeza kila kitu, alisema. Mamlaka yarudi majimboni! Maneno hayo aliyaandika kwa rangi nyekundu ubavuni mwa ghala, wapita njia wayasome.

Shida yao ilikuwa ya kweli. Mgahawa wa mjini ulitaka nyama yao. Machinjio ya Ruben Grosz yalikuwa karibu, na Ruben ni fundi wa kisu. Lakini nyama ya ng'ombe aliyechinjwa na Ruben iliruhusiwa kuliwa na mwenye ng'ombe tu. Ili iuzwe, ilihitaji muhuri wa mkaguzi wa serikali kuu, na mkaguzi alikuwa kwenye machinjio makubwa, mbali sana kwa lori. Basi ng'ombe waliishia mnadani kwa bei ya kutupa, na kundi likazidi kupungua. Lorna aliogopa. Kundi lile lilianzishwa na babu yake Orrin.

Jumapili moja, baada ya kanisa, jirani yao Marlys Kolstad, naye mfugaji, alikuja kunywa kahawa. Mama huyu aliwahi kuwa mbunge katika bunge la jimbo kwa muhula mmoja, kisha akaangushwa. Orrin akaanza wimbo wake wa Washington. Marlys alimwacha amalize.

"Orrin, hicho unachodai ulishapewa," alisema. "Sheria inaruhusu jimbo kuweka wakaguzi wake wa nyama. Wawe makini kama wale wa Washington, na nyama iuzwe humuhumu jimboni. Majimbo mengine yanafanya hivyo. Letu halijataka."

"Nani hajataka?"

"Bunge letu. Mimi nilipeleka mswada. Ukaja uchaguzi, nikapigwa chini, mswada ukafa."

Lorna alimuuliza mumewe alimpigia nani kura ya bunge la jimbo katika uchaguzi ule.

Orrin alizungusha kikombe chake. "Niliweka alama kwa rais tu. Huko chini ya karatasi, kwenye kura za jimbo, sikugusa. Ng'ombe walikuwa wananingoja."

"Wenzako wengi walifanya hivyohivyo," Marlys alisema bila hasira. "Katiba inasema mamlaka ambayo Washington haikupewa ni ya majimbo au ya wananchi. Sasa mwananchi akiacha nafasi yake tupu, ataamua yule aliyejitokeza."

Lorna aliona aibu, kwa kuwa na yeye alifanya hivyohivyo. Marlys akawaeleza kwamba kamati za bunge husikiliza yeyote anayefika.

Mbunge mwingine alipouleta tena mswada ule, walifika. Orrin alivaa suti ya mazishi, akasema yake mbele ya kamati. Wabunge waliitikia kwa vichwa, kwa heshima, wakauweka mswada kando. Bunge la huko hukaa mwaka mmoja, mwaka wa pili halikai. Ikabidi kungoja, na ngoja ngoja huumiza matumbo. Ukame ukaja, nyasi zikaisha. Vuli ile kundi lote lilipanda malori ya mnada. Orrin alisimama langoni hadi lori la mwisho, na Lorna alilia mbele yake bila kujificha.

Hata hivyo hawakukaa kimya. Uchaguzi ulipofika, Lorna aliwapitia majirani kwa gari, akawasihi wajaze karatasi mpaka mstari wa mwisho. Orrin alijaza yote, hata kura ya bodi ya kuzuia magugu mashambani. Marlys alirudi bungeni. Safari hii sheria ikapita.

Siku moja Ruben alipiga simu. Sauti yake ilijaa furaha.

"Mkaguzi wa jimbo yuko hapa, na muhuri wake mkononi. Nimewawekea ninyi nafasi ya kwanza, maana ninyi ndio mliohangaika. Mnaleta lini?"

Lorna alitazama nje. Orrin alikuwa akirekebisha ua, ingawa ndani hamkuwa na kitu.

"Anza na ng'ombe wa Kolstad, Ruben," alisema. "Sisi hatuna tena."