Sindano Katika Mfuko Mweusi

Kila asubuhi, kabla mama yake hajamimina chai, Chiriku alikaa ukingoni mwa kitanda, akapandisha fulana yake kidogo, akajidunga sindano tumboni. Alikuwa na kisukari tangu akiwa darasa la pili, na kazi hiyo aliizoea kama wenzake walivyozoea kupiga mswaki. Sindano yenyewe ilikuwa fupi na nyembamba mno. Hakulia wala hakukunja uso. Akimaliza aliita, "Tayari!" na mama yake, fundi cherehani aliyeshonea pale pale sebuleni, alisukuma vitambaa pembeni ili wapate pa kuweka vikombe.

Jina la Chiriku alipewa kwa sababu ya mdomo wake. Aliongea akila, aliongea akifua, na mama yake aliapa kwamba hata usingizini hakukosa la kusema. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo hakumwambia mtu, nalo ni ugonjwa wake. Katika shule ya zamani msichana mmoja alimcheka, akasema kisukari ni maradhi ya mabibi, na tangu hapo darasa zima likamwita Bibi mpaka siku ya kuhama. Walipofika mtaa huu mpya alimsihi mama yake asimwambie jirani yeyote. Mama alikubali, shingo upande.

Muuguzi wa kliniki alikuwa amewafundisha vizuri. Sindano ikishatumika haitupwi ovyo. Inatiwa ndani ya dumu gumu la plastiki lenye kifuniko cha kuzungusha, na dumu likikaribia kujaa linapelekwa kliniki, ambako wana tanuri la kuteketezea vitu kama hivyo. Chiriku alitii kwa muda mrefu, hadi siku alipokutana na rafiki yake njiani huku dumu likigongagonga ndani ya kikapu. Rafiki akauliza kuna nini. Chiriku akajibu kwamba ni vifungo vya mama. Rafiki naye, kwa kuwa alipenda vifungo, akataka avione. Chiriku akatimua mbio akisingizia kwamba amechelewa.

Tangu siku hiyo alianza ujanja wake. Sindano chache alizitia dumuni, mama azione. Zilizobaki alizifunga kwenye gazeti na kuzididimiza chini kabisa ya mfuko wa taka. Gazeti, kweli! Gazeti halizuii hata mchuzi, seuze sindano. Lakini msichana aliona jambo limekwisha, na kwa majuma mengi lilikuwa limekwisha kweli.

Gari la taka lilipita mtaani kila Jumamosi. Mbele yake alitangulia kijana mrefu akipuliza firimbi, na watu walipoisikia walibeba mifuko yao myeusi hadi kwenye kona ya uchochoro na kuirundika pamoja. Watoto walimwita Mjomba Firimbi. Alikuwa mcheshi. Alisema yeye ndiye mtunza siri wa mtaa, maana alijua nani alikula kuku halafu akamwambia jirani kwamba nyumbani kwake hakuna kitu.

Mzaha ulikuwa mwingi, lakini kazi yake aliifanya kwa utaratibu. Mfuko aliushika shingoni, akaunyanyua ukiwa mbali na mguu wake. Hakuukumbatia, wala hakuukanyaga ili upungue. Msimamizi wao alikuwa mama mmoja mnene, mwenye kizibao cha mistari inayong'aa, ambaye wafanyakazi walimwita Mama Glavu, kwa sababu aliwahi kumrudisha mtu nyumbani kwa kosa la kuja kazini na glavu moja.

Jumamosi hiyo Chiriku alikuwa mlangoni akifagia. Mjomba Firimbi aliamkiwa na watoto wawili wadogo waliokuwa wakicheza karibu na kona, akawaitikia, akawaambia wasogee. Hawakusogea. Akanyanyua mfuko mmoja kutoka kwenye rundo, na mara kitako chake kikaanza kuchanika. Kanuni ilikuwa kwamba mfuko ukichanika uachwe uanguke, taka zizolewe kwa koleo. Lakini watoto walikuwa miguuni pake, naye hakutaka uchafu uwamwagikie. Akapeleka mkono wa kushoto chini ya mfuko na kuuzuia.

Hakupiga kelele. Aliutua mfuko polepole, akavua glavu, akatazama kiganja. Tone dogo la damu lilikuwa limejitokeza katikati.

Mama Glavu alimwona kutoka kwenye gari na akalisimamisha papo hapo. Alimpeleka bombani, akamwambia aoshe kiganja kwa sabuni chini ya maji yanayotiririka, asikikamue wala asikinyonye. Kisha akazichota taka kwa koleo na kuzitandaza, mpaka gazeti lililolowa likafunguka na sindano zikaonekana. Wakati huo majirani walikuwa wamekwisha kujaa. Mama Glavu akawageukia.

"Mfuko huu umetoka nyumba gani?" aliuliza. "Sitafuti mtu wa kugombana naye. Daktari atataka kujua sindano ni ya nani, basi. Akijua, atamsaidia kijana wangu vizuri zaidi."

Mifuko yote ilikuwa myeusi na yote ilikuwa imerundikwa pamoja, kwa hiyo majirani walitazamana na kutikisa vichwa. Mama yake Chiriku alikuwa ameenda kununua nyuzi. Chiriku alishika ufagio kwa mikono miwili. Aliona uso wa rafiki yake wa vifungo katikati ya umati, akafikiria jina la Bibi likimfuata hadi mtaa huu, akanyamaza. Mama Glavu alimpandisha kijana wake garini, wakaondoka.

Habari zilimfikia Chiriku kwa kinywa cha mama yake, usiku ule ule wakila. Daktari hakuweza kujua sindano ilimchoma nani kabla ya kumchoma Mjomba Firimbi, na sindano iliyotumika inaweza kuwa na virusi vya UKIMWI au homa ya ini. Kwa hiyo ilibidi apewe dawa za kinga za mwezi mzima, kali, za kumeza kila siku bila kukosa. Kisha apimwe, asubiri, apimwe tena. Na mke wake alikuwa katika siku zake za mwisho kabla ya kujifungua.

"Mtu gani asiye na haya anayefunga sindano kwenye gazeti?" mama aliuliza, akikata mkate. "Namshukuru Mungu sisi tuna dumu letu."

Chiriku alisema amekwisha kushiba.

Siku zikapita. Mtu mwingine alikuja kuchukua taka, mzee asiye na firimbi wala mzaha. Mtoto wa Mjomba Firimbi alizaliwa, wa kike, mwenye afya. Mama alimshonea vigauni viwili kwa vitambaa vilivyobaki, na kila alipotoka kumwona mzazi alirudi na habari za kusikitisha. Zile dawa zilimtapisha baba wa watu hata akakonda. Tena akaingiwa na hofu: hataki kumbeba mtoto wake. Muuguzi alimweleza zaidi ya mara moja kwamba kumbeba mtoto hakuambukizi kitu, lakini hofu haisikii la mwalimu wala la muuguzi. Alikaa upande mwingine wa chumba, mkono wa kushoto ameuficha mfukoni.

Chiriku alisikia yote hayo, na kila aliposikia alijiambia kesho atasema. Kesho ikifika, aibu ya jana ilikuwa imekua, kwa sababu sasa hakuwa na kosa la sindano peke yake, alikuwa na la kunyamaza pia. Aliacha kuongea mezani. Mama alidhani sukari imepanda, akampima, akakuta iko sawa.

Mwezi ulikuwa unaelekea ukingoni mama alipomtuma apeleke kofia ndogo ya yule mtoto. Alikuta mlango wazi. Mke wa Mjomba Firimbi alikuwa akipepeta moto wa jiko, mikono imejaa masizi, na mtoto alilia kitandani kwa sauti nyembamba iliyokuwa imeanza kukauka. Mjomba Firimbi alikuwa amesimama kando ya kitanda. Aliinama, akanyoosha mkono wa kulia, akaurudisha. Akainama tena. Kisha akatoka nje upesi na kumwita mwanamke wa nyumba ya pili aje kumnyamazisha mwanawe.

Jirani alikuja, akambeba, mtoto akanyamaza. Mjomba Firimbi alipogeuka alimwona Chiriku.

"Karibu, Chiriku," alisema. Sauti ilikuwa ile ile, lakini mashavu yalikuwa yamebonyea. "Leo kimya? Au na wewe umemeza dawa kama zangu?"

Chiriku aliweka kofia juu ya kiti. "Mjomba," alisema, "sindano ilikuwa yangu. Mimi nina kisukari. Nilizifunga mimi kwenye gazeti."

Mke wake aliacha kupepeta. Mjomba Firimbi alikaa chini kwenye kizingiti, akamtazama msichana bila hasira ambayo Chiriku aliitegemea, na pengine angeipenda zaidi.

"Siku ile ulikuwepo pale mlangoni," alisema. "Ulijua?"

"Nilijua."

Chiriku alikimbia nyumbani akilia, akamweleza mama yake kila kitu, tangu dumu na vifungo hadi kizingiti. Mama alizima cherehani. Hakumpiga wala hakupaza sauti. Alivaa viatu, akamshika mkono, wakaenda kliniki.

Damu ya Chiriku ilipimwa, ikaonekana haina virusi vya UKIMWI wala homa ya ini. Daktari alimwita Mjomba Firimbi siku hiyo hiyo na kumwambia aache dawa. Zilikuwa zimebaki chache mno, karibu amalize. Mjomba Firimbi alizitoa mfukoni, akaziweka mezani, akafunika uso kwa viganja vyote viwili. Daktari akamgeukia Chiriku.

"Umefanya vizuri kusema," alisema. "Lakini ungesema Jumamosi ile ile, dawa hizi angezimeza siku mbili tatu, tukamwachisha."

Mama alisikia maneno hayo akainamisha kichwa, kwani alikumbuka kwamba siri ya ugonjwa ule waliitunza wawili.

Jumamosi iliyofuata Mama Glavu aliwakusanya watu wa mtaa pale kwenye kona. Chiriku aliomba aseme mwenyewe, akasema mbele ya wote, rafiki yake wa vifungo akiwemo. Wapo waliomwangalia vibaya. Rafiki yake alimsogelea akauliza kama kujidunga kunauma, na hilo ndilo tu alilotaka kujua.

Mama Glavu hakumtetea wala hakumsonga. Alivua glavu yake moja na kuinyoosha ili watu waione.

"Watu hudhani hii ndiyo inayotulinda," alisema. "Hii ni ya mwisho. Inazuia uchafu, inazuia kigae kidogo. Sindano inapita. Mtu wa taka haoni ndani ya mfuko, kwa hiyo ulinzi wake wa kwanza ni wewe uliye nyumbani. Kitu chenye ncha kikiingia kwenye dumu gumu, sisi tumekwisha kuwa salama kabla hatujafika. Na kikituchoma, tunataka ukweli saa ile ile. Ukweli nao ni dawa, lakini huharibika ukikaa."

Kisha akasema kosa lake mwenyewe. Kurundika mifuko pamoja kulimfanya asijue ule mfuko umetoka nyumba gani, na tangu siku hiyo kila nyumba iliweka mfuko wake mlangoni pake. Wafanyakazi walipewa kulabu za kunyanyulia, na wakaambiwa upya kwamba mfuko unaochanika unaachwa uanguke, hata kama utamwagikia mfalme. Chiriku alipewa kazi ya kuwapitia wenye sindano na nyembe, awaeleze habari za dumu. Aliifanya kila wiki, na dumu lake mwenyewe alilibeba mchana kweupe.

Mjomba Firimbi alirudi kazini. Salamu aliitikia, lakini mzaha na Chiriku hakuurudia upesi.

Baadaye kidogo mama na binti walienda kumsalimu mtoto. Baba yake alikuwa amembeba, mkono wa kushoto chini ya kichwa chake, na mtoto alikuwa analia. Alimtikisa, akamwimbia, akazunguka naye chumba kizima. Hakunyamaza. Mwishowe akamkabidhi yule mwanamke wa nyumba ya pili, na mtoto akatulia mara moja.

"Hanijui bado," alimwambia Chiriku. Alitabasamu, lakini tabasamu halikumtoka vizuri. "Wewe nimekusamehe, tena kwa moyo wote. Ila ule mwezi wake wa kwanza, Chiriku, sina pa kuudai."

Njiani wakirudi, Chiriku alimwuliza mama yake kama mtoto atamzoea baba yake.

"Atamzoea. Watoto husahau upesi," mama alisema. "Baba yake ndiye hatasahau. Ndiyo maana nakwambia, mwanangu, na mimi mwenyewe najiambia: kosa likishatendeka lisemwe siku ile ile. Kila siku unayonyamaza, kuna mtu mwingine anayelilipia."

Chiriku aliitikia kwa kichwa. Alitamani sana kuirudisha Jumamosi ile, hata dakika yake moja tu pale mlangoni, na alijua hairudi.