Walipima Damu ya Wifi

Cherehani ilikuwa kimya tangu asubuhi. Mshonaji alijilaza juu ya vitambaa vya wateja, akitetemeka. Mimba yake ilikuwa changa, naye aliificha. Ya kwanza iliharibika.

"Wifi, twende zahanati," alisema dada wa mumewe.

"Wambea wa dirisha la zahanati wanitangaze? Nenda wewe. Sema homa ni yako."

Wifi akaenda. Akatobolewa kidole. Akarudi akicheka.

"Huna malaria!"

"Wamejuaje?"

"Si wamenipima!"

Wakafurahi wote wawili.

Jioni mshonaji alikuwa anawaka moto. Wifi akamkokota zahanati. Muuguzi akampima.

"Ana malaria."

"Asubuhi ulisema hana!"

"Asubuhi nilipima kidole chako, dada. Wewe unaweza kubeba zege."

Wifi akajishika mdomo.

"Ana mimba?" muuguzi akauliza.

Wifi akamgeukia mshonaji.

"Semeni! Malaria inaweza kuua mama na mtoto tumboni. Na si kila dawa inafaa mimba changa."

"Ninayo," mshonaji akanong'ona.

"Basi dawa iliyoidhinishwa ipo. Pia kuna utafiti wa kuilinganisha na nyingine, tujue ipi inamfaa mjamzito zaidi. Ukikataa, utatibiwa vilevile."

"Mnataka kunifanya panya?"

"Panya haulizwi, mama. Wewe nakuuliza."

"Kwani dawa hizi hazijajaribiwa?"

"Nyingi zilijaribiwa kwa wengine. Wajawazito waliachwa nje. Eti kuwalinda."

Mshonaji akaketi wima, homa na yote. "Mama zetu walimezeshwa kwa kubahatisha?"

Ndiyo, walimezeshwa! Mimi ninayesimulia sijasahau. Pakiti za dawa zilimwambia mjamzito amuulize daktari. Daktari naye amuulize nani?

Mshonaji aliuliza yote. Nikidhurika? Utatibiwa. Nikitaka kuacha? Unaacha, hakuna wa kukununia. Mtoto je? Tutamfuatilia hata akizaliwa. Ndipo akakubali. Alimaliza dozi, akarudi kila alipoitwa. Akajifungua msichana mwenye sauti ya kuishinda cherehani.

Majibu ya utafiti bado yanakusanywa. Safari hii damu ya wajawazito imo.

Na wifi? Alipopata mimba yake, homa ikampanda. Alifika kwenye dirisha lilelile la zahanati, akapaza sauti mpaka foleni nzima ikageuka:

"Nina mimba na nina homa! Nipimeni mimi mwenyewe!"