Kishada cha Majani Manne

Mzee wa Miche, aliyepita mtaani akiuza miche na kutunza miti ya watu, hakuwa mtu wa kushtuka ovyo. Kwa hiyo alipoliachia tawi la msonobari, akafuta mikono kwenye suruali na kulishika tena, Mama Kasuku aliacha kuanika nguo.

"Mama, hebu njoo uhesabu wewe. Labda macho yangu yamezeeka."

Mzee huyu ndiye aliyemfundisha kuutambua mti ule walipohamia nyumba hiyo. Ukitaka kujua msonobari wako ni wa aina gani, alimwambia, achana na urefu wake. Chomoa kishada kimoja cha yale majani membamba kama sindano, uhesabu. Ipo ya mawili mawili, ipo ya matano. Huu wako ni wa matatu. Akamweleza na matunzo: usiukate bila sababu, maana jeraha lake hutoa utomvu, na usiumwagilie kila siku, mizizi itaoza ufe umesimama.

Na kuhesabu ndiyo iliyokuwa kazi ya Mama Kasuku, kutwa yuko duka la dawa na vidonge vyake. Alichomoa kishada. Majani manne. Akachomoa kingine upande wa pili. Manne.

"Ni mbolea labda," alisema.

"Mbolea haifanyi hivi." Mzee alishusha sauti. "Mko wangapi humu ndani?"

"Watatu. Mimi, baba yake na Kasuku."

Mzee aliokota kikapu chake akaondoka bila kungoja chai, na hakuna aliyeipenda chai kama yeye.

Kasuku alikuwa binti yao wa pekee, miaka sita, na jina hilo alilipata kwa haki. Kwa nini maji hayana rangi? Kwa nini baba anakoroma? Akimaliza maswali, koo limekauka, anaomba maji, akishakunywa anaanza upya. Mama yake alilalamika kwamba mtoto huyu atamtoboa masikio, lakini siku Kasuku alipolala na homa akanyamaza, alilia jikoni peke yake.

Wiki ile nyumba ikaanza kunuka utomvu. Kabati lilinuka, mashuka yalinuka, na kiti cha nne mezani, ambacho hakikaliwi na mtu, kilikutwa kinanata. Jumatano jioni, akiwa anapiga pasi, Mama Kasuku alimsikia binti yake chumbani akiuliza swali, halafu sauti ileile ya Kasuku ikajibu.

Aliingia. Mtoto alikuwa peke yake.

"Unaongea na nani, mwanangu?"

"Na yule wa mtini. Anajifunza kuwa mimi."

Baba Kasuku, dereva wa lori na mtu wa mizaha, alicheka. "Basi mpangaji huyo atusaidie kuosha vyombo." Kesho yake alipita nje ya dirisha la chumba, akasikia vicheko viwili vilivyofanana. Hakutania tena. Ni yeye aliyekwenda kumleta mganga.

Mganga alikuwa mama mfupi asiye na maneno mengi. Aliutazama mti, akavuta pumzi.

"Kaeni sebuleni, mshikane. Nitafukiza, nitakitoa kwa mlango wa nyuma, nifunge. Kitalia huko nje kwa sauti ya mmoja wenu. Msifungue mpaka jua lizame. Mkifungua, mimi simo."

Moshi ulijaa hadi wasionane. Kasuku alikohoa, mkono wake ukaponyoka, kikasikika kishindo cha mtoto kuanguka, na Mama Kasuku, roho mkononi, akapapasa gizani mwa ule moshi mpaka akaupata mkono mdogo, akauvuta, akaukumbatia mwili mzima kifuani, na papo hapo mlango ukabamizwa.

"Mama?" Sauti ilitoka nje. "Mama, mbona mmenifungia?"

Baba aliuegemea mlango kwa mgongo. "Usisikilize," alinong'ona.

"Mama, kwa nini moshi unapanda juu? Mama, nimekosa nini? Naomba maji," na iliendelea hivyo mchana kutwa, ikiuliza na kuomba, ikiuliza na kuomba, huku yeye akimkumbatia mtoto aliyekuwa naye na kujiambia huyu hapa, ninaye, ninaye, mpaka jua likazama na sauti ikapungua, ikawa kama upepo kwenye majani, ikakatika.

Mganga alifungua. Baba alikimbia na tochi mpaka mtini, akarudi analia kwa furaha. "Matatu! Mke wangu, yamerudi matatu!"

Jioni hiyo Mama Kasuku alimwogesha mtoto. Goti lilikuwa limechubuka. Alilipangusa kwa pamba. Pamba ilinata. Kilichokuwa kikitoka kwenye jeraha hakikuwa damu. Kilikuwa cha rangi ya asali, na alikijua kwa harufu. Mtoto alimtazama bila kuuliza kitu.

Alirudi kwa mganga kesho yake alfajiri. Mganga alimsikiliza, akainamisha kichwa.

"Mwanangu, mimi hutoa mara moja tu. Kilichobaki ndani nimekifungia ndani. Nisamehe."

Baba hataki kusikia. Watu wako watatu, majani matatu, unataka nini zaidi? Goti amelifunga bendeji mwenyewe, na haangalii.

Sasa Mama Kasuku hushinda chini ya msonobari. Ukiweka sikio kwenye gome unamsikia Kasuku, mbali sana. Haulizi tena maswali. Anasema, "Mama, kiu."

Akimpa maji, mizizi inaoza. Mzee wa Miche ameshamwonyesha matawi ya chini yanavyogeuka kahawia, akamsihi aache. Aliacha siku mbili, akashindwa kula.

Leo amejaza tena ndoo. Dirishani mtoto amesimama kimya, anamtazama. Mama Kasuku anamimina kidogo, anasita, anaweka sikio.

"Mama, mengine."

Anamimina.