Fidia ya Esperansia Hailiwi

Asubuhi ile Eufrazia alikuwa anapura maharage uani kwake, Kirushya. Binti yake, Esperansia, alikuwa ameketi kwenye jamvi, anapepeta. Alikuwa na miaka tisa. Mguu wake wa kushoto uliishia gotini.

Wakimbizi wa Rwanda walipovuka mpaka mwaka 1994, malori ya chakula chao yalipita mchana kutwa. Wenyeji walikula vumbi. Lori moja likamkanyaga Esperansia akitoka shule. Kampuni yenye lori ilidai kuwa kosa ni la mtoto, kana kwamba barabara ilizaliwa kabla ya kijiji. Eufrazia, mjane asiye na hata baiskeli, alikwenda mahakamani Ngara mara kumi na moja. Mara ya kumi na moja alishinda. Mahakama iliamuru mtoto alipwe fidia.

"Hodi hapa!"

Alikuwa Telesfori, kaka mkubwa wa marehemu mumewe.

"Karibu, shemeji."

"Shikamoo, baba mkubwa," alisema Esperansia.

"Marahaba, mwanangu. Unapepeta kama mtu mzima!" Telesfori akatoa karatasi na kidau cha wino. "Shemeji, weka dole gumba hapa. Nikazichukue zile fedha. Jumapili baada ya misa ukoo wote unakutana."

"Kufanya nini?"

"Kula fidia! Hujui desturi? Aliyemjeruhi mtu wetu huleta fahali na mitungi ya pombe ya rubisi. Tunakula, tunakunywa, kinyongo kinakwisha. Hawa wenye malori hawana fahali, wameleta noti. Basi mimi nimeshakopa fahali. Noti zikibaki, wazee watagawana."

"Na aliyejeruhiwa anapata nini?"

"Paja la nyuma. Ni haki yake, hanyang'anywi."

Eufrazia akaweka fimbo chini. "Mwanangu amepoteza mguu, nanyi mnampa paja la ng'ombe?"

Telesfori alicheka kidogo. Kisha akaona anacheka peke yake.

"Damu ya mtoto ni ya ukoo, shemeji. Wewe umeolewa tu hapa."

"Nilipokuwa natembea kwenda mahakamani, huo ukoo ulikuwa wapi? Sikumwona hata wa kunishikia mwavuli. Karatasi yako siigusi. Twende Ngara tukaulize. Wakisema fedha ni zenu, hiyo nyama nitaipika mimi mwenyewe."

Mdomo wa Eufrazia ulikuwa mkali, lakini njiani aliogopa. Shamba alilolima lilikuwa la ukoo. Wakimfukuza, atalima wapi?

Mahakamani walimkuta karani, bwana Ndassa, Msukuma mwenye sauti ya kuita ng'ombe.

"Mama wa mara kumi na moja! Umekuja kuongeza ya kumi na mbili?"

Telesfori akaeleza habari ya fahali na ukoo. Ndassa alisikiliza mpaka mwisho, bila kumkatiza.

"Mzee wangu, desturi yenu naiheshimu. Lakini fedha hizi si za ukoo. Si za mama huyu pia. Ni za Esperansia. Hakimu ameagiza zikae benki kwa jina lake mpaka atimize miaka kumi na minane. Huko zitazaa faida."

"Mtoto wa miaka tisa na benki, wapi na wapi?"

"Ndiyo maana ana mlezi, naye ni mama yake. Lakini hata yeye hachoti kama maji ya kisimani. Mtoto akihitaji matibabu au ada, mama ataandika ombi kwa hakimu. Ataambatanisha hati ya gharama kutoka hospitali au shuleni. Hakimu akikubali, benki itatoa kiasi hicho tu. Kisha risiti zitarudi hapa."

"Mimi kuandika kunanishinda," alisema Eufrazia.

"Njoo, nitakuandikia. Hiyo ni kazi yangu, sitaki hata ndizi."

"Matibabu gani tena?" aliuliza Telesfori. "Mguu si umeshakatwa?"

"Mguu wa bandia haukui, mzee. Mtoto anakua. Kila mwaka au miwili atahitaji mwingine. Mkimaliza kula, huyo atatembelea nini?"

Telesfori akaikunja karatasi yake. Alikuwa mbishi, lakini hakuwa mwizi. Mwishowe akauliza kwa sauti ndogo, "Na fahali niliyemkopa?"

"Mrudishe. Yeye bado ana miguu minne."

Jumapili wazee walikutana bila nyama, wakanuna. Mmoja akasema mjane huyu anyang'anywe shamba. Telesfori akasimama.

"Nimesikia kwa masikio yangu. Fedha ni za mtoto. Anayetaka shamba la mama huyu aanze na langu."

Hakuna aliyeanza.

Mwaka mmoja Eufrazia mwenyewe aliteleza. Aliomba fedha za mabati. Hakimu akakataa: "Nyumba ni yako, mama. Fedha ni za mtoto." Alirudi akinung'unika njia nzima. Lakini alilima maharage misimu miwili, akaezeka kwa jasho lake. Tangu hapo alipita sokoni kichwa juu. Nani angemwambia kwamba anakula mguu wa mwanawe?

Fedha zile zilinunua miguu minne, kila mmoja mrefu kuliko uliotangulia. Zililipa ada ya sekondari mpaka kidato cha nne. Na bado nyingi zilibaki.

Mwaka 2004 Esperansia alitimiza miaka kumi na minane. Alikwenda mahakamani na cheti chake cha kuzaliwa. Alitaka amri ya kukabidhiwa fedha zake, akasomee ualimu. Eufrazia alimsindikiza, akaketi kwenye benchi la nje.

Ndassa, mvi kichwani sasa, akachungulia mlangoni na jalada mkononi. Akaita kama alivyozoea miaka yote:

"Mlezi wa mtoto Esperansia! Ingia!"

Eufrazia hakuinuka. Alikunja mikono, akatabasamu.

Binti aliyekuwa karibu naye ndiye aliyesimama. Alikuwa mrefu kumshinda mama yake.

"Mtoto hayupo, bwana karani," alisema. "Mwenye fedha nipo."

Akaingia mwenyewe, kwa miguu yake miwili.