Aliyelazwa Ubavu wa Kulia

Kwa masikitiko makubwa, na kwa niaba ya wapenda haki wote wa Mkoa wa Mara, inatangazwa kwamba mwili wa binadamu umepatikana ufukweni Kiriba, na dola imeamka.

Kusema kweli, haukuwa mwili. Ilikuwa mifupa. Na dola iliyoamka ilikuwa Inspekta Gaudensia na Konstebo Lameck, waliokuja kutoka Musoma kwa pikipiki moja.

Aliyeifukua ni Alfonsi, mchimba mchanga wa kujengea. Koleo lake liligonga fuvu.

"Umegusa kitu?" Inspekta alimuuliza.

"Nimegusa, afande. Halafu nikakimbia."

"Alikuwa amelalaje?"

"Ubavu wa kulia. Kama tunavyowalazaga wanaume wetu kaburini huku."

Kabla Inspekta hajamaliza kuvaa glavu, kilio kilisikika kutoka njiani. Alikuwa mama mmoja wa kijijini, Marieta, khanga mkononi.

"Ni Jofrey wangu! Ziwa limemrudisha!"

Jofrey, mwanawe, alikwenda kuvua dagaa mwaka juzi. Mtumbwi ulipatikana, yeye hakupatikana. Mwili ukikosekana, watu wa hapo huzika kipande cha mgomba mahali pake, ili msiba uishe. Marieta alizika mgomba. Msiba haukuisha; kila mtumbwi ulipofika, alishuka ufukweni kutazama nani anateremka. Sasa shemeji zake walikuwa nyumbani na majembe, wanaufukua mgomba ili mwenye kaburi aingie.

"Mama, nipe muda," Inspekta alisema.

"Muda gani tena, mwanangu? Nimengoja mpaka macho yameisha."

Alitandika khanga mchangani, tayari kupokea mifupa.

Inspekta aliinua fuvu. Lilikuwa limekatwa kwa msumeno kuzunguka, sehemu ya juu ikafunguka kama kifuniko cha sufuria. Mifupa ilikuwa imepakwa vanishi. Kwenye viungo palikuwa na matundu madogo yenye kutu ya waya.

"Lameck, umewahi kuona mvuvi aliyepakwa vanishi?" alinong'ona.

"Bado, afande."

"Na nyonga hii?"

"Ni nyonga, afande."

"Ni ya mwanamke."

Hakumwambia Marieta. Neno la polisi lingemwachia shaka maisha yake yote. Alitaka alisikie kutoka kwa aliyefanya.

Juu ya ufukwe huo ipo sekondari ya bweni, tanuri la viongozi wa kesho. Katika maabara ya baiolojia ndoano ya kutundikia mifupa ya kufundishia ilikuwa tupu. Mwalimu Samweli alieleza kwamba Jumatatu hakuikuta, akadhani imekwenda kufanyiwa matengenezo.

Marieta alifuatana nao, khanga mkononi, akaketishwa kwenye benchi nje ya ofisi. Ndani, wanafunzi wa kidato cha nne waliitwa mmoja mmoja. Wa tatu alikuwa Chrispin, kijana mtanashati, mnyenyekevu, mwenye akili nyingi.

"Jumapili mchana ulikuwa wapi?"

"Kwenye ibada, afande."

"Ibada gani?"

"Ile... ya kawaida."

"Kuna mwanamke amezikwa ufukweni."

"Siyo mwanamke, afande! Mzee Makongoro ni—"

Chrispin alifunga mdomo. Lameck aliacha kuandika.

"Endelea," Inspekta alisema. "Mzee Makongoro ni nani?"

Naona hakuna faida ya kuendelea kumsifia Chrispin. Ni mimi.

Mzee Makongoro ndilo jina ambalo wanafunzi waliotutangulia waliipa mifupa ya maabara. Mimi na rafiki yangu Fredy tulimbeba kwenye gunia wenzetu wakiwa kwenye mpira. Nilivaa shuka kama padri, nikahubiri. Nilimlaza ubavu wa kulia kwa sababu bibi yangu ni wa Kiriba na nilitaka mambo yaende kwa utaratibu. Nyonga sikuiangalia. Baiolojia nina F.

"Kwa nini mlifanya hivyo?"

"Ili tucheke, afande."

"Basi?"

"Basi."

Inspekta alifungua mlango. "Kamwambie mama."

Nilitoka. Nilikuwa na hotuba kwa kila jambo, lakini siku hiyo sikuwa nayo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Siyo Jofrey. Ni mifupa ya shule. Ni mwanamke. Tuliizika sisi."

 Marieta alimgeukia Lameck. "Mwanangu, nipigie simu kwa shemeji. Mwambie arudishe udongo."

Lameck alipiga. Tulimsikia mtu akiuliza mara mbili, kisha akakata simu.

"Huyo mwanamke," Marieta alisema, "kwao ni wapi?"

Mwalimu Samweli hakujua; mifupa aliikuta shuleni. Mkuu wa shule hakujua. Inspekta alifungua jalada: mwanamke, mtu mzima, jina halijulikani. Jalada hilo halijafungwa hadi leo.

Marieta alikunja khanga yake, pembe kwa pembe.

"Mlipomzika, mliimba?"

"Tuliimba, mama."

"Afadhali," alisema, na uso wake ukalegea kidogo. "Afadhali aliimbiwa."

Ningeweza kuishia hapo. Wala Inspekta hakuuliza zaidi. Alisimama mlangoni tu, akinitazama.

"Tulikuwa tunacheka, mama," nikasema.