Uvimbe Uliochoka Kufinywa

Cheuo kilitoka kabla kamera haijaingia. Mgonjwa hakuwa ametia kitu kinywani tangu jana, tumbo lilitakiwa kuwa tupu kama ukumbi baada ya onyesho, lakini kilichotoka kilinuka kama kitambaa cha deki kilichosahauliwa ndooni wiki nzima. Muuguzi alirudi nyuma akisingizia kutafuta glovu. Daktari wa matumbo, ambaye wenzake walimwita Bomba kwa ule mpira wenye kamera anaomezesha watu kila siku, hakuwa na pa kukimbilia. Mgonjwa alikuwa dada yake mkubwa.

Daktari wa upasuaji alishanoa visu. Kwake uvimbe ule ulikuwa saratani, na Bomba asipoleta kipande cha uvimbe huo kuonyesha vingine, kesho tumbo lote linaondoka. Taabu ni kwamba uvimbe ulijificha chini ya utando wa tumbo. Kila akinyofoa, maabara inajibu kuwa utando ni mzima. Dawa ilibaki moja, kufinya palepale, juu ya kidonda kilekile, mpaka shimo lifike ndani.

Sindano ikamlaza dada, mpira ukateleza kooni. Kwenye skrini ukatokea uvimbe wa manjano, unang'aa kama kipara kilichopakwa mafuta, umezungukwa na ute unaovutika kama kamasi. Bomba akaubonyeza kwa kikoleo kidogo kilichopita ndani ya mpira. Ukabonyea kama mto, ukarudi. Akafurahi, maana mafuta ndivyo yafanyavyo, na uvimbe wa mafuta tumboni ni nadra lakini hauui mtu.

Kisha ukabonyea wenyewe.

"Umeona?" muuguzi akanong'ona. "Hilo jini."

"Sijaona kitu. Na wewe hujaona."

Akafinya, akafinya tena palepale, shimo likafunguka na kutoa uji wa kijivu, harufu ikapanda hadi ikawakaa kwenye ulimi kama kitu cha kutafuna, na alipovuta kikoleo hakikuja, kikavutwa upande wa pili, taratibu, na ukingoni mwa shimo zikachomoza kucha laini zilizorojeka kwa kulowa, na kwenye koo la dada, aliyelala fofofo, plastiki ya kukingia meno mdomoni, ulimi umetulia, ikatoka sauti ya mzee aliyekatiziwa usingizi.

"Kijana, utanifinya mpaka lini?"

Bomba akajikuta ameamkia shikamoo. Kisha, kwa sauti ndogo, "Wewe ni saratani?"

"Usinitusi. Mimi nakaa tu."

Kwa unyenyekevu wa mtu anayemwomba radhi mwenye nyumba, Bomba akaeleza habari ya kesho: kipande kikikosekana, tumbo litang'olewa, mkaaji akiwa humohumo. Tumbo la dada likanguruma, likajisokota. Kikoleo kikaachiwa, kikatoka na tonge jeupe la mafuta, la moto, lililokuwa likitweta. Muuguzi akatapika ndani ya barakoa yake.

Maabara ikajibu kwamba ni mafuta matupu, si saratani, uvimbe uachwe ulivyo. Upasuaji ukafutwa.

Dada alipopata nafuu akamwalika Bomba chakula cha mchana. Alikula akamaliza, akaweka kijiko, akafuta midomo, akaanza kumshukuru mdogo wake kwa kumwokoa. Alikuwa akiongea vizuri kabisa, na nyuma ya vifungo vya gauni lake kutafuna kulikuwa kunaendelea, polepole, kwa mlio wa majimaji, pamoja na mifupa ya kitoweo.

Bomba akatazama chakula chake, akaisogeza sahani mbele.

"Ongeza, dada."

"Aa, mimi nimeshiba," dada akasema, na mkono wake ukaivuta sahani.